Pampu ya upepo ya tundu la kiberiti: usiinunue kwa namba ya kwenye boksi

Boksi nyingi za pampu ndogo za kujaza upepo wa tairi, zile zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara ndani ya gari, zimeandikwa PSI 150 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo) kwa herufi kubwa, na hiyo ndiyo namba isiyo na kazi kuliko zote zilizopo pale. Tairi la gari dogo linahitaji PSI 30 hadi 35. Namba hiyo ya 150 haikuambii pampu itachukua dakika ngapi kulijaza, wala kama itafika tairi la pili kabla haijachemka. Ukitaka kujua uwezo wa pampu, geuza boksi utafute ampea, yaani kiasi cha umeme inachovuta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi la saizi ya 195/65 R15 lina nafasi ya ndani ya lita 33 hivi. Kulitoa sifuri hadi bar 2.2, yaani PSI 32, kunahitaji lita 70 na ushei za hewa ya nje. Pampu iliyoandikwa lita 35 kwa dakika ingemaliza kwa dakika mbili, lakini haimalizi, kwa sababu kipimo hicho kwa kawaida ni cha mpira wa kupitishia upepo ulioachwa wazi, bila tairi. Upepo wa ndani unavyopanda ndivyo pistoni inavyosukuma kwa shida na lita zinavyopungua. Kwa pampu ya ampea 8 hadi 10, tegemea dakika tano au zaidi kwa tairi lililolala kabisa, na dakika moja hivi kuongeza PSI tano kwenye tairi lililopungua kidogo. Ukikuta boksi halitaji ampea popote, lirudishe rafuni.

Ampea zina upande wa pili pia. Tundu la kiberiti cha sigara lina fyuzi yake, mara nyingi ya ampea 10, 15 au 20; fungua kisanduku cha fyuzi uisome kabla ya kununua. Pampu ya ampea 14 kwenye fyuzi ya 15 inaweza kuikata pale tu unapowasha, maana mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikishashika mwendo. Pampu za ampea 20 na kuendelea zinapaswa kuja na vibanio vya kushika betri moja kwa moja, na kwa gari lenye matairi makubwa ya barabara mbovu hizo ndizo za kununua. Kwa gari la kawaida ni mzigo tu, kwani utakuwa unafungua boneti kila mara.

Kinachoua pampu hizi ni joto. Za bei ya chini zina silinda nyembamba na gia za plastiki. Nzuri zina silinda ya chuma au alumini yenye mapezi ya kupoozea. Hata bila kuifungua, inyanyue: nyepesi kama kikombe kitupu, iache. Halafu soma muda wa kufanya kazi. Nyingi zinaruhusiwa dakika 10 kisha zipumzike kwa muda huohuo au zaidi. Si maneno ya kujikinga na lawama tu. Pistoni ina pete laini ya kuziba upepo, na ikichemka hulegea na kuchakaa. Pampu hapo itaendelea kupiga kelele zilezile huku sindano ya geji, yaani saa ya kupimia upepo, ikiwa imegoma, na mwenye gari ataanza kuilaumu valvu. Geji isipopanda kwa dakika mbili, na umehakikisha kichwa cha mpira kimekaa sawa na tairi halivuji, zima. Na usishike kile kichwa cha shaba kwa vidole vitupu baada ya kujaza muda mrefu, kinaunguza.

Sasa urefu wa waya, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshachuchumaa kando ya tairi la nyuma. Waya wa mita 3 na mpira wa sentimita 60 hufika matairi ya mbele bila tabu. La nyuma la upande wa pili, hasa kwenye gari refu, unaweza kukwama. Chukua waya wa mita 3.5 au 4. Kuunganisha waya mwingine wa kurefusha si dawa, kwa sababu waya mwembamba hupunguza volti, pampu hupoteza nguvu na plagi hupata moto. Pima kwa kamba toka kwenye tundu, kupitia mlangoni, hadi kwenye valvu ya mbali. Ni kazi ya nusu dakika.

Geji ya mshale iliyojengwa ndani ya pampu usiiamini peke yake. Pampu ikiwa inafanya kazi, geji husoma msukumo ulio kwenye mpira, ambao uko juu kuliko wa ndani ya tairi. Zima, acha sindano itulie, kisha soma. Zenye kioo cha namba na kujizima zenyewe ni afadhali, ila nazo zilinganishe mara moja na geji ya mkononi iliyo nzuri. Ukikuta inazidisha PSI 2, ukiitaka 32 ipange 34. Kasoro isiyobadilika inavumilika. Ya kubahatisha haivumiliki, hiyo rudisha.

Kuhusu kichwa cha mpira, kuna cha kuzungusha na cha kubana kwa kilimi, yaani kijiti cha kukunja. Cha kuzungusha hakitoki chenyewe, lakini wakati wa kukifungua upepo unapiga mluzi na unaweza kupoteza PSI 1 au 2, kwa hiyo jaza zaidi kidogo na ufungue kwa haraka. Cha kilimi ni chepesi kutumia, ila mpira wake wa ndani ukichakaa kinaruka. Sindano ya mipira ya kuchezea inayokuja ndani ya boksi ni nzuri kwa watoto, isikushawishi kwenye bei.

Zile zisizo na waya, zenye betri yake ndani, ni tamu kutumia na zinatosha kabisa kuongeza PSI tatu nne kwenye matairi yote. Udhaifu wake ni kwamba siku unayoihitaji huenda betri imeisha, na kuiacha ndani ya gari lililofungwa juani kunaimaliza mapema. Ukinunua hiyo, iweke chini ya kiti mbali na kioo, ichaji kila baada ya miezi mitatu, na hakikisha inaweza pia kutumia umeme wa gari. Ya waya, kwa safari ndefu, bado ndiyo chaguo letu la kwanza.

Matumizi yenyewe. Pima matairi yakiwa baridi, gari likiwa limesimama saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako. Magari mengi yana namba mbili, ya mzigo mdogo na ya gari lililojaa. Ukiwa na watu watano na buti limejaa, tumia ya pili, na kwa kawaida matairi ya nyuma ndiyo huongezwa zaidi. Washa injini wakati wa kujaza, gari likiwa nje na si ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya moshi: volti zikipanda toka 12 na kitu hadi karibu 14, pampu inakimbia zaidi. Iweke juu ya zulia la gari ili isivute vumbi.

Njiani, ukisimama baada ya mwendo mrefu utakuta upepo umepanda PSI 4 hadi 6. Usiutoe. Tairi likipoa litakuwa chini ya kipimo, na tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linachemka, tabaka zake zinaachana na mwishowe linapasuka. Wala usisubiri taa ya dashibodi ya kuonya upepo mdogo. Kwenye magari mengi huwaka upepo ukishapungua kwa robo hivi, maana yake tairi la PSI 32 limeshafika 24.

Pampu ina mipaka. Msumari ukiwa katikati ya tairi lisilo na tyubu, usiung'oe: uache uzibe, jaza, endesha taratibu hadi kwa fundi wa pancha huku ukisimama kupima. Tairi lililochanika au kuvimba ubavuni usilijaze. Lililoendeshwa likiwa limelala pia usilijaze kabla fundi hajalivua. Nyuzi za ubavuni huenda zimeshaharibika na linaweza kupasuka usoni pako. Na kama ukingo wake umetoka kwenye rimu, pampu ndogo haina msukumo wa haraka wa kuurudisha, utaisikia ikihema tu.

Hapo inahitajika spea, ambayo nayo hupungua upepo ikiwa imelala butini. Ile nyembamba ya muda huhitaji PSI 60 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Pampu ya ampea 8 itafika 60 kwa kujikongoja, kwa hiyo spea ijaze nyumbani siku moja kabla ya safari.