Unga wa mapanki kwa kuku wa mayai: uzoefu wangu

Nafuga kuku wa mayai pembezoni mwa jiji la Mwanza, na chakula nachanganya mwenyewe. Anayefanya hivyo anajua kinachomaliza pesa: dagaa. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba bei inapanda bila hodi, na wale wa bei nafuu wameanikwa chini, kwa hiyo unauziwa mchanga wa ziwa kwa kilo. Ndiyo maana nilihamia unga wa mapanki.

Kwa msiokaa Kanda ya Ziwa: viwanda vya hapa vinakata minofu ya sangara ya kupeleka nje, na mnofu haufiki hata nusu ya uzito wa samaki. Kinachobaki kina wenyewe. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanakwenda Uchina kwa bei ambayo ukitajiwa utadhani umesikia vibaya, vichwa vinaishia kwenye supu, na mapanki, yaani uti wa mgongo na mbavu zenye nyama iliyokwepa kisu, yanakaangwa na kuliwa hapa hapa mjini tangu miaka ya 1990. (Mtauliza kama kuku hawawanyang'anyi watu kitoweo. Ninayenunua kwake anachukua yaliyokwisha kuparuliwa, ambayo wakaangaji hawayataki. Ingekuwa vinginevyo nisingenunua.) Muuzaji wangu anayachemsha, anakamua mafuta, anakausha, anasaga.

Faida niliyoiona kwanza ni kwenye fosforasi. Ile ya nafaka na mashudu sehemu kubwa imefungwa, kuku hawezi kuimeng'enya vizuri. Ile ya mifupa ya samaki inamwingia mwilini. Unga wa mifupa ya ng'ombe nimeacha kununua kabisa na maganda ya mayai yamebaki magumu vile vile. Ila msidanganyike mkatupa chokaa. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na mapanki unayochanganya, peke yake, hayakufikishi huko. Chokaa nimeipunguza kidogo tu. Na anayekuambia unga huu unakoleza kiini anakuuzia maneno. Unjano wa kiini unatoka kwenye majani na mahindi ya njano.

Wauzaji wanapotia chumvi ni kwenye protini. Utaambiwa ni mbadala wa dagaa. Ni kweli, lakini si kilo kwa kilo. Sehemu kubwa ya unga huu ni mfupa, kwa hiyo protini yake iko chini ya ya dagaa safi. Ukitoa kilo 10 za dagaa ukaweka kilo 10 za mapanki, utagaji utashuka na utaanza kutafuta ugonjwa bandani. Mimi naweka kilo 6 hadi 7 kwenye mchanganyiko wa kilo 100, na pengo nalijaza kwa soya iliyokaangwa na mashudu ya alizeti. Hata baada ya kuongeza soya, gunia la chakula bado linanigharimu kidogo kuliko nilipokuwa natumia dagaa.

Sasa harufu, maana hili ndilo linaloharibu biashara. Sangara ana mafuta mengi, na unga usiokamuliwa vizuri unachacha upesi kwenye joto letu. Wako kuku wa mayai ya kahawia ambao kwa kurithi hawawezi kuivunja kemikali inayoleta shombo, kwa hiyo banda zima linaweza kutoa mayai mazuri isipokuwa ya kuku wachache, na mteja atakayekutana na yai moja la shombo hatakumbuka mengine. Finyanga unga kiganjani: ukikuachia mafuta mkononi, uache dukani. Kisha nyunyizia ndimu au siki kidogo. Ukitoa povu jingi, umechanganywa na chokaa, nawe unalipia mawe kwa bei ya samaki. Na uulize kama mapanki yalichemshwa. Yaliyoanikwa mabichi yanaweza kukuletea vijidudu vya salmonela bandani.

Gunia moja nililonunua kwa muuzaji mwingine lilikuja na unyevu, unga umeganda mabonge, tarehe haipo. Nilibadilishiwa baada ya mvutano. Tangu hapo nafungua gunia mbele ya muuzaji, na sinunui wa kukaa stoo zaidi ya mwezi.

Kwa broila na vifaranga sishauri mtu autegemee. Mahitaji yao ya kalsiamu ni karibu asilimia 1 tu, mfupa ukizidi figo zinaumia, na nyama ya broila nayo inabeba shombo.

Kwa kuku wa mayai naupa unga huu nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya upatikanaji: sangara wakiadimika ziwani viwanda vinakata kidogo, na wiki hizo unga unakosekana hata ukiwa na pesa mkononi. Kwa hiyo mfuko mmoja wa dagaa uwe nao stoo, na piga simu kabla hujakodi bodaboda.