Sunrise on the Reaping: uzoefu wangu, na kama inafaa kumnunulia kijana wako

Kwa wenye haraka: kama una kijana wa miaka kumi na minne kwenda juu, na Kiingereza chake kinamruhusu kusoma bila kushika kamusi kila mstari, mnunulie. Ila kama hajawahi kusoma kitabu chochote cha mfululizo wa The Hunger Games, asianze na hiki. Nitaeleza kwa nini.

Riwaya hii ya Suzanne Collins ilitoka Machi 18, 2025, na wiki ya kwanza tu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 1.5 za Kiingereza. Mimi sifa za namna hiyo hunitia wasiwasi, maana kitabu kinachovuma sana mara nyingi ni matangazo tu. Nilikichukua kwa sababu ya binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu. Alikuwa amemaliza vile vitatu vya mwanzo na akawa ananisimulia jikoni mpaka mboga inaungua. Tukakubaliana tusome wote nakala moja, yeye jioni, mimi alfajiri kabla ya kazi.

Hadithi inarudi nyuma miaka 24 kabla ya kile kitabu cha kwanza cha 2008. Yule Haymitch ambaye katika vitabu vya mwanzo ni mlevi mwenye maneno ya kuudhi, hapa ni kijana mzima wa akili anayetimiza miaka 16 siku ileile ambayo vijana wa Wilaya ya 12 wanapigiwa kura ya kwenda kuuana mbele ya kamera. Ni Michezo ya Njaa ya 50, mashindano ya kuuana ya kila mwaka, na kwa kuadhimisha, Capitol, mji mkuu unaozitawala wilaya zote 12, imeongeza idadi mara mbili. Wataingia vijana 48 badala ya 24, wanne kila wilaya.

Aliyesoma Catching Fire ya 2009 anajua nani atatoka hai, kwa sababu mle Katniss na Peeta, vijana wahusika wakuu wa vitabu vya mwanzo, wanatazama mkanda wa mashindano hayohayo. Basi mwandishi ataniwekaje macho kwa kurasa karibu 400 wakati mshindi ninamjua? Jibu lake limenifurahisha kuliko kitu kingine chochote kitabuni: mkanda ule ulikatwakatwa. Tulichokiona mwaka 2009 ndicho serikali ilichotaka kionekane.

Na hali ndivyo ilivyo tangu uwanja wa kura. Kijana aliyeitwa anakimbia na kupigwa risasi. Vurugu zinazuka, Haymitch anajitosa kumkinga msichana wake, Lenore Dove, na papo hapo anakamatwa na kufanywa mbadala wa marehemu. Kisha watu wa televisheni wanapanga umati upya na kurudia tukio zima mbele ya kamera. Nchi nzima inatazama kura safi, ya haki, isiyo na doa. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza nikanywa chai, maana mwenzenu nimewahi kuona hafla zikipigwa picha upya ili viti vitupu visionekane, na sikudhani riwaya ya vijana ingenikumbusha hayo.

Collins amesema alichochewa na mawazo ya David Hume, mwanafalsafa wa karne ya 18 aliyeshangaa jinsi walio wengi wanavyotawaliwa kirahisi na wachache. Maneno hayo yako kwenye ukurasa wa mwanzo, pamoja na ya mwandishi George Orwell kuhusu propaganda. Binti aliuruka ukurasa huo, kama vijana wote. Lakini kufika katikati akaniuliza, "Shangazi, sasa ule mkanda wa mwanzo nani aliukata?" Akaenda kukitoa Catching Fire, tukakaa kulinganisha tukio kwa tukio. Yanashikana. Mwandishi hakubadilisha alichoandika zamani, amekizungushia tu yale yaliyoachwa nje. Kazi hiyo si ndogo, na kwa kijana anayeshinda kwenye simu akitazama video fupifupi, ni somo ambalo mimi kwa mdomo wangu nisingeliweza.

Mhusika niliyempenda ni Maysilee Donner. Anaingia akiwa binti wa wenye duka, ana kiburi na ulimi wa pilipili, nikajiambia huyu atanichosha. Hadi mwisho yeye ndiye niliyekuwa nikimtafuta kila ukurasa, na ulimi wake haupoi hata mbele ya wakubwa wa Capitol. Aliyenivunja moyo ni Ampert, mtoto wa miaka 12, aliyetupwa uwanjani ili kumwadhibu baba yake, Beetee, na baba huyohuyo analazimishwa kuwa mlezi wa mashindano kwa mwanawe. Sehemu hiyo binti aliisoma haraka akaendelea. Mimi nina watoto, sikuweza.

Kasoro zipo. Wahusika wa vitabu vilivyotangulia wanapita mno: Mags, Wiress, Plutarch, Effie, hata wazazi wa Katniss. Baadhi wana kazi, wengine wameletwa ili mashabiki wapige vigelegele. Sehemu ya uwanja wa mapigano ina wanyama wa maabara mpaka nikaanza kuwachanganya. Na shairi la kunguru la Edgar Allan Poe, mshairi wa Marekani, ambamo jina la Lenore limetoka, mwishoni linarudiwa beti kwa beti. Mara ya kwanza linachoma, baadaye nilianza kuruka mistari.

Kwa wazazi na walimu: watoto wanauawa, na mwandishi hapepesi macho. Mapenzi yanaishia kwenye mabusu na nyimbo. Lugha ni nyepesi, sentensi fupi, kijana mwenyewe ndiye msimulizi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayependa kusoma atakimudu. Bei ya jalada gumu inauma, nakala ya simu ni nafuu zaidi. Hizo za kurudufu zinazotandazwa barabarani ziacheni. Mwenzangu kazini aliuziwa moja, sura mbili zimejirudia na moja haipo kabisa.

Tulijaribu pia Children of Anguish and Anarchy ya Tomi Adeyemi, iliyotoka Juni 2024, ya tatu na ya mwisho katika mfululizo wake wenye asili ya Kiyoruba. Kitabu cha kwanza cha 2018 ni moto. Hiki cha tatu kinaleta maadui wapya kutoka ng'ambo ya bahari, na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe uliotushika katika cha pili unasukumwa pembeni. Binti alikimaliza kwa sababu alitaka kujua hatima ya Zélie, msichana shujaa wa mfululizo huo. Mimi niliishia njiani.

Kinachoniuma ni kwamba mazungumzo yote haya tunayafanya kuhusu vitabu vya Kiingereza. Rika langu lilikuwa na Siku Njema ya Ken Walibora, na Kongowea Mswahili tulisafiri naye kutoka Tanga kumtafuta baba yake. Leo binti akitaka riwaya mpya ya Kiswahili ya umri wake, nikizunguka madukani naonyeshwa vitabu vya kiada au picha za watoto wadogo. Waandishi, wateja tupo, na tunalipa.

Filamu ya Sunrise on the Reaping, ikiongozwa na Francis Lawrence, ilipangiwa kutoka Novemba 20, 2026. Kwa anayetaka kusoma, mpangilio wangu ni huu: vile vitatu vya 2008 hadi 2010 kwanza, halafu The Ballad of Songbirds and Snakes ya 2020, ndipo hiki. Cha 2020 ni kizito na binti alikilalamikia, lakini bila hicho nyimbo za Lenore Dove na ukoo wake zitampita, na hatajua kwa nini Rais Snow, mtawala wa Capitol, anazichukia kiasi kile.