Jukwaa la kuotea jua kobe wa maji: ununue nini hapa Goma

Malalamiko yanayonifikia kutoka mitaa ya Himbi na Katindo yanafanana. Jukwaa limejengwa, limependeza, kisha kobe anakataa chakula na visamaki alivyowekwa navyo vimeelea. Nikiuliza gundi gani ilitumika, natumiwa picha ya mrija wa silikoni ulioandikwa "sanitaire", yaani ya bafuni.

Ukubwa na taa mnavijua: kobe atoke majini mzima, akauke hadi tumboni. Gundi ndiyo haiulizwi. Silikoni ya bafuni mara nyingi hutiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huvuja ndani ya maji anamoogelea, anamokula na kujisaidia humohumo. Tafuta neno "aquarium", yaani tangi la samaki. Ukiona "anti-moisissure", yaani kizuia ukungu, rudisha mrija ulikoutoa. Muuzaji atakwambia: "Mama, nusa, inanuka siki, ni ileile!" Harufu haithibitishi kitu, kwani hata za bafuni nyingi hunuka siki.

Upendeleo wangu siufichi: Silirub AQ ya Soudal, ya Wabelgiji. Nikiikosa kwenye maduka ya Birere, namtuma mtu anayevuka petite barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, kwenda Kigali, na nangoja. Silikoni hukauka upesi juu, ndani huchelewa. Mimi huacha wiki nzima kabla ya kutia maji.

Kwa gundi hiyo, chaguo langu la kwanza la kujengea jukwaa ni vigae. Mafundi hubakiwa na vipande, waombe. Upande unaong'aa ugeukie chini, ule wa mgongo wenye mikwaruzo uwe juu, maana kobe aliyelowa huteleza. Kipande kingine kiwe mteremko wa kupandia, na kokoto ndogo zilizogandishwa juu yake.

La pili ni mabomba ya PVC na wavu mgumu wa plastiki. Hapo usipoteze silikoni, haishiki plastiki vizuri. Funga kwa vibano vya nyaya za umeme. Ziba midomo ya mabomba, kobe mdogo asije akaingia akakwama.

Mawe ya volkano ya Nyiragongo ni ya bure, lakini ni makali na hukwaruza gamba la tumbo. Povu jeupe la kufungia televisheni msilinunue kabisa: kobe huling'ata na kulimeza.

Sasa bei. Unatajiwa kwa dola, chenji unapewa kwa faranga, kwa kiwango alichoamka nacho mwenye duka. Noti yako ikiwa na mpasuko wa kona, mdogo kama ukucha, inakataliwa. Yeye akikurudishia faranga zilizochakaa hadi namba hazisomeki, unaambiwa "hizo zinapita". Na kwa bei hiyohiyo anakuuzia mrija ulioiva juani kibarazani. Kabla ya kutoa hela, soma tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye mrija, kwa sababu silikoni iliyopitwa na muda inaweza kubaki laini isigande kamwe, na duka nililonunua mrija wa namna hiyo lilikataa kuupokea kwa kuwa nilikuwa nimeshakata ncha.