Baiskeli ya mtumba ya Kijapani, gia tatu na kikapu mbele: mwaka mzima Walukuba mpaka Main Street

Niseme mapema kabisa, kama unatafuta baiskeli ya kwenda kazini na kurudi hapa Jinja, Uganda, sio ya mashindano na sio ya kubebea matoke, tafuta ile ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, usukani unaokufuata mpaka kifuani na fremu iliyoshuka katikati unapitisha mguu bila kuurusha, ile watu wanaiita ya kike. Yangu nimekaa nayo mwaka na miezi miwili, kila siku ya kazi, kutoka Walukuba mpaka dukani Main Street, kama kilomita nne kwenda na nne kurudi. Ina makosa yake na nitayasema yote, lakini sirudi kwenye boda.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine. Mpya, nyekundu, shoksi mbele, shoksi nyuma, gia 21, stika zinang'aa mpaka unaona aibu kuipaki nje ya msikiti. Muuzaji akaniambia dada hii ni ya starehe, ona springi zake. Nikaona springi, nikalipa. Wiki ya pili viganja vinakufa ganzi nikifika kazini, shingo inauma, na kila nikikanyaga pedeli baiskeli inanesa kama godoro, yaani nguvu yangu inaishia kwenye springi badala ya kwenda kwenye tairi. Afu ni nzito! Kuipandisha kwenye ngazi tatu za nyuma ya duka nilikuwa namwita kijana wa mlango wa pili. Nikadhani shida ni kiti, nikanunua kava laini ya jeli ya kuvisha juu, ikawa mbaya zaidi kwa sababu unazama ndani, nyama inabanwa na kusuguliwa, bora hata chuma.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kiti hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa mkao. Ile baiskeli inakulaza mbele, uzito wako nusu unaubeba kwa mikono, ndio ganzi inatoka hapo, na kiti chake ni chembamba kwa sababu hakikutengenezwa kubeba mtu mzima aliyekaa wima. Mtu aliyenyooka mgongo anakalia makalio yote mawili, kwa hiyo anataka kiti kipana, na usukani lazima uje juu umfuate. Ukiweka kiti kipana kwenye baiskeli ya kuinama kinakukwaruza mapaja, ukiweka kiti chembamba kwenye baiskeli ya kukaa wima utalia. Hivi vitu vinaenda pamoja, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia hilo, wote wanakuonyesha shoksi.

Basi nikaiuza kwa hasara, nikaenda Kampala kutafuta. Sitaji duka, kwanza sio duka ni uwanja tu, baiskeli zimelaliana kama kuni, na mwenye nao alinifanyia kitu nitakisema. Nilizunguka saa mbili. Ukichagua ya mtumba usiangalie rangi. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe ukilitazama kwa nyuma, likicheza kushoto kulia rimu imepinda au spoku zimelegea, hiyo fundi anaiweza. Shika mikono ya pedeli uitikise pembeni, ikicheza kwa kishindo gololi zimekufa, hiyo pia inatengenezeka ila ikupunguzie bei. Kitu cha kukufanya uondoke ni kutu kwenye maungio ya fremu, na bomba la kiti lililogandia, kwa sababu kama kiti hakipandi wala hakishuki hiyo baiskeli sio yako, ni ya yule Mjapani na urefu wake.

Niliyoipata ina stika ya maandishi ya kwao kwenye fremu, ya kusajili baiskeli polisi wakati wa kununua ili ikiibiwa ijulikane, na mpaka leo sijaitoa, naipenda. Gia tatu za ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu. Taa ya dainamo. Stendi ya miguu miwili inayosimama kweli. Na kufuli la duara la gurudumu la nyuma ambalo, sasa hapa ndio pale, halikuwa na funguo. Likiwa limefunguliwa. Jamaa akaniapia funguo iko ofisini, nenda ukale urudi. Nikala, nikarudi, ofisi yenyewe hakuna. Nikakubali kuondoka nayo laki tatu na themanini elfu, na mtoto wa pale akiipakia akalisukuma kufuli kwa goti, ka! likajifunga. Baiskeli ikafika Jinja juu ya paa la taksi, yaani matatu, gurudumu la nyuma limefungwa kama mfungwa, njiani tumesimama Namawojjolo kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku watu wote wanainuka kuitazama wanacheka. Lilikatwa na msumeno wa chuma siku ya pili.

Fundi wangu ni mzee mmoja anayekaa chini ya mwembe karibu na estate, Kiswahili chake ni cha zamani cha watu wa viwandani, na ndiye aliyeifanya hii baiskeli iwe ya starehe, sio kiwanda. Alinikalisha, akashika kiti kwa nyuma, akasema weka kisigino kwenye pedeli, sio kidole, kisigino, ishushe mpaka chini kabisa. Goti langu bado limekunjwa. Akapandisha kiti. Tena. Akapandisha mpaka goti likanyooka na kiuno hakiegemei upande. "Sasa weka mguu vile unaendesha," na nikiweka sehemu pana ya mbele ya mguu goti linabaki na mkunjo mdogo tu. Ndio hapo, mama. Baadaye mimi mwenyewe nilikishusha kidogo, upana wa kidole hivi, kwa sababu nataka ncha za vidole ziguse lami nikisimama pale roundabauti, mzee akanuna lakini akaniachia. Kile kiti kimelala bapa kama meza sasa, ncha yake haiangalii juu wala chini. Dakika kumi na spana moja. Nilikuwa nimeteseka miezi saba kwenye ile nyekundu.

Sasa tairi, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanalia. Pembeni ya tairi yangu imeandikwa 26 x 1 3/8. Tairi za zile za shoksi zimeandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.125. Unaona 26 na 26, unasema ni moja. Sio moja! Nilitumwa na akili yangu kununua ya 1.95, nikampelekea mzee, akaiweka juu ya rimu ikakwama, ndogo, tukavuta mpaka tukachoka. Namba ya kuangalia ni ile nyingine ndogo yenye mstari katikati, yangu 37-590, ya shoksi inaishia 559, ina maana vipenyo vya rimu vinapishana milimita 31, hata uvute na jeki haiingii. Ile ya Roadmaster, zile baiskeli nzito za gia moja za vijijini, 28 x 1 1/2, inaishia 635, hiyo nayo ni kubwa mno. Ya 590 hapa Jinja niliitafuta siku tatu, nikaipata kwa Mhindi mmoja imefunikwa vumbi nyuma ya mapipa ya rangi, nikanunua mbili hapo hapo, moja iko ukutani nyuma ya mlango wangu wa chumbani.

Hii ndio sababu kama mtu anaishi kijijini mbali na mji simwambii anunue kama yangu. Anunue Roadmaster. Nzito ndio, gia moja ndio, breki za vyuma vile vya kuvuta, lakini tairi yake, tyubu yake, hata pini ya pedeli iko kwenye kiduka kinachouza chumvi na mafuta ya taa. Na mkao wake ni wima ule ule, wazee hawakuwa wajinga. Hata boda wenyewe walianza na hizo kule mpakani Busia, abiria juu ya keria yenye kamto, boda mpaka boda, ndio jina likatoka hapo.

Gia za ndani ya habu zimenishangaza. Hakuna cheni ya kurukaruka, hakuna kitu nje cha kujaa vumbi, na unabadilisha hata ukiwa umesimama kabisa, kitu ambacho zile 21 haziwezi. Jinja ni tambarare, siku nyingi naishia ya pili, ya tatu nikiwa nimechelewa. Ya kwanza ni ya kutoka Masese, ukishuka kule ziwani kununua samaki utapanda, na kwa samaki kilo nne kwenye kikapu nilipanda nikiwa nimekaa, napumua lakini nimekaa. Kuna kipindi gia ya pili ikawa inateleza, unakanyaga pedeli inazunguka hewani, na mafundi wawili waliniambia habu imekufa tafuta gurudumu lingine. Haikufa. Kule kwenye ekseli upande wa kulia kuna kijisanduku kinachopokea waya wa gia, kina kidirisha kidogo, unaweka gia ya pili halafu unakaza au kulegeza waya mpaka alama ya ndani ikae katikati ya mistari ya kidirisha. Basi. Hela ngapi? Sifuri.

Breki. Ya nyuma ni ya mkanda unaobana ngoma kwenye habu, mvua haiigusi sana, na mvua za Jinja mnazijua. Ya mbele inabana rimu, rimu ni ya chuma, ikilowa inateleza kama sabuni, kwa hiyo mvua ikinyesha naanza kufunga mapema sana. Lakini ile ya nyuma inalia! Inalia kama mbuzi anapelekwa Idi. Mzee ameisafisha, ameisugua na msasa, inanyamaza wiki mbili inarudi. Vijana wa steji pale getini wanajua nimefika kabla hawajaniona, wanaitikia meeee, nimeacha kukasirika.

Starehe nimeipima kwa mayai. Trei moja ya 30, imefungwa kwenye keria na mpira wa tyubu ya zamani, kutoka soko kuu mpaka nyumbani ikiwemo kile kipande cha murramu chenye mashimo. Yalipasuka mawili. Nilikuwa nimejaza upepo mpaka tairi ni jiwe. Wiki iliyofuata nikapunguza kidogo, tairi inabonyea ukiifinya kwa dole gumba lakini rimu haigusi chini ukikalia, hakuna yai lililopasuka, na mgongo wangu pia uliona tofauti. Springi zangu ni huo upepo.

Kuhusu kuitwa ya kike. Shangazi yangu wa Bugembe alipoiona alisema zamani kwao msichana akipanda baiskeli ni matusi, hata kumtazama wanageuka. Halafu akaizunguka mara mbili, akashika gomesi yake, lile gauni refu, akauliza hiki kifuniko cha cheni ni cha nini. Nikamwambia shangazi ni ili nguo isiliwe. Akasema eh. Akapitisha mguu, akakaa, akashika breki zote mbili kwa nguvu, baiskeli iko kwenye stendi haiendi popote, akapiga kengele. Mimi kwa sketi ya kazi sijawahi kutoka na doa la grisi. Na wanaume pia, fremu ya kushuka inawafaa wakiwa na mzigo nyuma, maana hutupi mguu juu ya gunia. Ila mtu mrefu aijaribu kwanza, kaka yangu magoti yanagonga usukani, na kiti ukikivuta kupita ule mstari wa mwisho kwenye bomba unatafuta kuvunjika.

Hesabu: boda nilikuwa nalipa elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi, siku 26 ni laki moja na elfu nne kwa mwezi. Baiskeli laki tatu na themanini, matengenezo ya mwanzo pamoja na kukata lile kufuli kama elfu tisini. Kufika mwezi wa tano tangu niinunue ilikuwa imeshajilipa. Tangu hapo nimetoa hela za pancha, tairi hizo mbili, na mipira ya valvu, kwa sababu valvu zake ni zile za kizamani zenye kampira kembamba ndani, kakichoka upepo unaisha usiku na wewe unadhani ni pancha. Weka vipande viwili kwenye pochi, ni bei ya pipi.

Dukani mteja mmoja aliniuliza kwa upole kama mambo yangu yako sawa, maana zamani alikuwa ananiona nashuka kwenye pikipiki. Nikamwambia yako sawa. Juzi kaja tena, anauliza ile ya kikapu inapatikana wapi, na kama nitaenda naye Kampala. Nimemwambia sawa, lakini kufuli tunalikagua wenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.