Playbill: fonti ya bango tunaijaribu Kirumba

Mwangaluka wadau! Karibuni tena. Leo niko Kirumba, hapa Mwanza, jirani kabisa na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo mkisikia mikokoteni na kelele za kupiga bei, mnivumilie.

Mezani leo kuna fonti, yaani mtindo wa herufi, na huenda unayo kwenye kompyuta yako hata hujui. Inaitwa Playbill, huja na Office ya Microsoft. Fungua Word, nenda kwenye orodha ya fonti, shuka mpaka herufi P, utaikuta.

Sura yake si ngeni. Yale mabango ya "anatafutwa" kwenye filamu za kauboi? Ukoo ndio huohuo. Lakini mchoraji wake ni Mwingereza, Robert Harling, mwaka 1938, akiichorea kampuni ya herufi za chapa ya Stephenson Blake ya Sheffield. Aliiga herufi za mabango ya karne ya 19.

Sogea karibu na skrini. Herufi za serifu tulizozoea, zile zenye vijiguu mwishoni mwa mistari, unene wake uko kwenye nguzo za wima. Hii imegeuza kibao: unene wote uko kichwani na miguuni, katikati pamekonda. Mvuvi mwembamba ndani ya gambuti, basi! Ukiandika neno zima, zile gambuti zinajipanga, unapata mikanda miwili mizito, mmoja juu, mmoja chini. Mimi hapo ndipo inaponimaliza.

Na wembamba wake una kazi. Maneno yetu marefu. Jaribu "TUNAWAKARIBISHA" kwenye kibao chembamba cha mlangoni. Fonti pana itakulazimisha uipunguze mpaka mtu asogee na pua. Hii inabaki ndefu, inaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Sasa ubaya wake. Juzi kuna mama anauza dagaa, alitaka lebo ya mifuko. Nikajisahau, nikaandika kila kitu kwa Playbill: jina, uzito, namba ya simu. Akaishika, akaisogeza mbali, akairudisha.

"Mwanangu, hii namba ya simu au ni uzio?"

Mama shikamoo, umeshinda. Matundu ya herufi hizi ni finyu mno. Ukizifanya ndogo, printa inayaziba kwa wino. M na W ndizo korofi zaidi, na sisi tunaishi Mwanza! Ukikata stika ndiyo balaa, utabandua vipande vyembamba kwa sindano mpaka jioni.

Kitu kingine, tafadhali, usibonyeze ile B ya kukoleza. Fonti hii ina unene mmoja tu. Word itaunenepesha kwa nguvu na matundu yatakufa kabisa. Afadhali uongeze nafasi kidogo kati ya herufi.

Kadi ya harusi? Mimi hapana, labda bibi harusi anakuja na farasi. Jina la mtumbwi, kichwa cha bango la ngoma, tisheti, kibao cha kinyozi: weka, maneno mawili matatu tu.

Lebo ya mama nimeirudia. Jina limebaki Playbill, simu na uzito nimehamishia Arial, fonti ya kawaida isiyo na vijiguu. Ameipenda, ila sasa anataka jina liwe la njano juu ya mfuko mweupe. Ngoja nizime kamera nikaongee naye.