Baresi au Nesta: nani beki wa kati bora wa klabu ya Milan ya Italia?
Kwa kimo, Nesta anashinda: sentimita 187 dhidi ya 176 za Baresi. Ana kwa ana pia namchagua Nesta; alisubiri mshambuliaji auguse mpira mbali kidogo, ndipo akateleza na kuuchomoa bila faulo.

Hata hivyo, kura yangu ni ya Baresi, kwa sababu aliongoza ukuta mzima. Chini ya kocha Sacchi aliinua mkono, mabeki wanne wakapanda pamoja, washambuliaji wakabaki wameotea. Mmoja akichelewa hatua moja tu, mtego huo wa kuotea unavunjika na kipa anabaki peke yake. Msimu wa 1993/94, chini ya kocha Capello, Milan iliruhusu mabao 15 katika mechi 34 za ligi.

Nesta, aliyetua 2002, alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya 2003 na 2007. Baresi alidumu 1977 hadi 1997, hata timu iliposhuka daraja mara mbili.