Meno meupe bila kuibiwa: kipi cha kununua Goma

Kabla ya kutoa pesa, jitazame kwenye kioo mchana, karibu na dirisha. Rangi ya chai, kahawa au sigara hukaa juu ya jino. Ile inayoongezeka na umri iko ndani. Na huku kwetu kuna ya tatu: madoa ya kahawia au meupe ya floridi, madini yanayoingia mwilini kwa maji. Moshi na majivu ya volkano huingia kwenye maji ya mvua tunayokinga, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga, huota yakiwa na madoa tayari. Jeli ya kung'arisha meno nyumbani mara nyingi haiyatoi vizuri hayo, na yale meupe huweza hata kuonekana zaidi. Hapo mwone daktari wa meno, usinunue kitu.

Kwa wengine, namba moja kwangu ni jeli ya peroksidi ya karbamidi ya asilimia 10, ndani ya kifuniko ambacho daktari amekitengeneza kwa vipimo vya meno yako. Unakivaa usiku, kama wiki mbili. Ile ya asilimia 10 hutoa takriban asilimia 3.5 tu ya peroksidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo inayong'arisha, ndiyo maana inaenda polepole na haichomi sana. Njia hii imeandikwa na madaktari tangu 1989. Ukiona boksi la asilimia 35, usikimbilie: litawahi kufika, lakini weupe wa mwisho ni karibu uleule, na maji baridi yatakurusha kwenye kiti.

Kifuniko kikikushinda bei, chukua vibandiko vya peroksidi. Vinafanya kazi kweli, ila meno yaliyopandana havishiki vizuri. Shida yake huku ni jua. Peroksidi huharibika kwa joto, na dada yangu alinunua boksi lililoanikwa mezani kule Birere. Wiki mbili hakuna kilichobadilika isipokuwa pochi yake. Nunua farmasi yenye kivuli, soma tarehe.

Dawa ya meno yenye bikarbonati naiweka ya tatu, na kwa mnywaji wa chai huenda ikamtosha. Inasugua madoa ya juu, ya ndani haiyagusi. Mwenye ugaga aanze kwa kukwanguliwa, la sivyo anang'arisha uchafu.

Maji ya oksijeni ya kuoshea vidonda, yale ya volumu 10, ni peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3. Kwa kusukutua hayakai kwenye jino muda wa kutosha. Mkaa ni msasa tu. Limau ndiyo hasara yenyewe: tabaka la nje la jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu unazidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na limau iko karibu na 2. Tabaka likipungua, kinachojitokeza chini yake ni cha njano.

Mjamzito asubiri. Na mwenye jino la bandia mbele ajue kwamba hilo halibadiliki: litabaki na rangi yake ya zamani katikati ya wenzake weupe.